Shahada ya Kunyamaza

Kaka zake walimwita Cherehani tangu akiwa na miaka minne, kwa sababu akianza kuongea hasimami mpaka uzi ukatike, na uzi wake haukuwahi kukatika. Alipokua alifundisha sayansi katika shule ya sekondari kwa miaka minane. Huko akapata ugonjwa wa kazi ambao walimu wanao lakini hawaendi kuutibu: hawezi kumaliza sentensi peke yake, wala hawezi kumwacha mwenzake amalize yake.

"Maji yakichemka yanageuka kuwa mvu...?" anauliza, na darasa zima linamalizia, "...ke!"

"Moyo unasukuma da...?"

"...mu!"

Hata sokoni aliwahi kumwambia muuza nyanya, "Hizi jana zilikuwa bei ra...?" na yule mama, kabla hajajielewa, akajibu "...hisi," ikabidi apunguze.

Mtu huyu ndiye aliyeamua, akiwa na miaka thelathini na minne, kuacha kazi yenye mshahara na kwenda kusomea shahada ya uzamili ya tiba ya usemi, yaani kazi ya kuwasaidia watu ambao maneno yamewakwama. Habari hiyo ilipokelewa nyumbani kwao kama kichekesho.

"Miaka miwili ya chuo kumfundisha mtu kuongea?" mama yake alisema. "Mimi nimewafundisha sita, tena huku nafua."

"Mama, hii ni kwa watu wenye ma...?"

"Matatizo, najua. Usinifanye darasa la nne."

"Dada," kaka yake mkubwa akadakia, "waombe wakupe shahada ya kunyamaza. Hiyo ya kuongea ulizaliwa nayo."

Mjomba wake, ambaye alijivunia kila mpwa aliyevuka kidato cha nne, alimtambulisha kwa wageni kama daktari wa meno. Mara tatu katika harusi moja watu wazima walimfungulia vinywa. Kwa kuwa ni mtu mwenye adabu, Cherehani alichungulia.

Mumewe hakucheka. Alikuwa fundi wa lifti, mtu wa maneno arobaini kwa siku, na thelathini kati ya hayo yalikuwa "sawa". Alipoambiwa kwamba mshahara mmoja utakatika kwa miaka miwili, alitazama dari kidogo, akasema, "Sawa."

Nimepita vyuo vya nchi kadhaa, na kote nimekuta mchezo mmoja: kozi inayohusu jambo ambalo kila mtu analijua huanza kwa kuhakikisha kwamba hakuna anayelijua tena. Mwaka wa kwanza wanafunzi kumi na wawili, wote wenye digrii na baadhi yao wenye wajukuu, walikariri misuli minane ya ulimi kwa majina yasiyotamkika, jambo la ajabu katika fani ya matamshi. Kisha wakajifunza kumeza. Hakuna aliyewaambia kwamba nusu ya kazi hii ni kumeza: mtu aliyepigwa na kiharusi anaweza kupaliwa na maji matupu, basi maji yanatiwa unga maalumu mpaka yawe mazito. Ili waelewe hali ya mgonjwa, wanafunzi walikaa wawili wawili wakilishana vijiko vya maji mazito kama gundi, kila mmoja akiitazama shingo ya mwenzake kwa makini, kama wachumba waliopatanishwa na polisi. Cherehani alifaulu yote hayo. Mitihani ya kuandika ilikuwa lelemama. Karatasi haina mdomo wa kukatizwa.

Taabu ilianza mwaka wa pili, waliposhushwa kliniki.

Chumba cha kliniki kilikuwa kidogo, kina meza ya duara, viti vitatu, sanduku la karatasi za kujifutia machozi, na matunda ya plastiki yaliyotafunwa na vizazi vya watoto wenye kigugumizi. Ukuta mmoja ulikuwa kioo. Ukiwa ndani unajiona mwenyewe na nywele zako zilivyokaa. Aliye upande wa pili anakuona wewe, na anakusikia kupitia spika inayokoroma. Upande huo wa pili aliketi msimamizi wao, mama mmoja mwembamba ambaye wanafunzi walimwita Refa, kwa sababu ya saa ya kuhesabia sekunde iliyoning'inia shingoni mwake muda wote. Walisema anaoga nayo.

Sheria ya Refa ilikuwa moja. Ukishamuuliza mgonjwa swali, nyamaza sekunde kumi. Usimpe neno, usimpe silabi, usikohoe kwa maana.

"Mtu wa kiharusi neno analo," aliwaambia. "Analitafuta tu, kama mtu anayetafuta ufunguo ndani ya mkoba uliojaa. Wewe ukimfungulia mlango kwa ufunguo wako, umemsaidia kuingia. Ila ufunguo wake bado haujulikani uko wapi."

Kila mtu aliandika maneno hayo. Cherehani aliyaandika kwa wino mwekundu, akayapigia mstari, kisha akaingia chumbani na kumwonyesha mgonjwa wake wa kwanza picha ya ndoo. "Hii ni ndo...?"

Baada ya kipindi Refa alimwita.

"Umeongea asilimia themanini na moja. Mgonjwa ameongea kumi na mbili."

"Na saba zilizobaki?"

"Mlikuwa mnaongea pamoja."

Mtihani wa vitendo wa kwanza alianguka. Aligawa majibu kama mtu anayegawa vipeperushi. Na kanuni ya chuo ilikuwa haina huruma: ukianguka vitendo mara mbili, unaondoka bila shahada, bila hata cheti cha kuhudhuria. Kule shuleni nafasi yake ilishajazwa na kijana aliyefundisha kwa simu ya mkononi. Kwa hiyo maisha ya Cherehani, karo yake na heshima yake mbele ya kaka zake sasa vilining'inia kwenye mtihani mmoja uliobaki, na mtihani huo ulitaka jambo moja tu ambalo hakuwahi kulifanya, hata usingizini. Mumewe ni shahidi.

Alianza mazoezi nyumbani.

"Siku ilikuwaje?" alimuuliza mumewe jioni ya kwanza, kisha akaitazama saa ya ukutani.

Sekunde ya tatu mume alimeza mate. Ya tano akageuka kuona kama kuna mtu nyuma yake. Ya nane akaweka kijiko chini.

"Nimefanya nini?"

"Hamna. Nasubiri."

"Unasubiri nini?"

"Jibu."

Akajifuta uso. "Basi nani kakwambia?"

Kwa njia hiyo, ndani ya wiki moja, Cherehani alijua kwamba aliyegonga taa ya gari la shemeji yake ni mumewe. Kwamba mapazia ya sebuleni hayapendi na hajawahi kuyapenda. Na kwamba kwa miaka tisa amekuwa akinywa chai yenye sukari nyumbani na isiyo na sukari kazini, kwa sababu siku ya kwanza alipotaka kusema hapendi sukari, mkewe alimmalizia sentensi kwa kusema "nyingi", akaongeza kijiko. Siku ya nane mama mkwe alipiga simu.

"Mwanangu ananiambia siku hizi huongei. Kuna nini humo ndani? Nije?"

Mgonjwa wa mtihani alipangwa kwa wanafunzi kuchagua mafaili, na katika hilo wataalamu wa kesho walionyesha walichojifunza hasa. Kila mmoja alitafuta mgonjwa aliyekaribia kupona, wa kumwonyesha mtahini kama jogoo wa maonyesho. Cherehani alifika mwisho, kwa kuwa alikuwa getini akimweleza mlinzi faida za kunyamaza. Faili lililobaki lilikuwa la Mnadi.

Mnadi aliendesha minada kwa miaka thelathini. Aliuza magari ya serikali, mashine za viwanda vilivyokufa na samani za marehemu, kwa sauti iliyosemekana kuvuka barabara mbili. Miezi kumi na moja kabla, kiharusi kilimkuta akivaa soksi. Mkono wa kulia ukalala, na lile ghala lote la maneno likafungwa, likabaki neno moja: "Ndiyo."

Lakini ndiyo yake ilikuwa nzuri kweli. Nzito, ya taratibu, yenye kuitikia kwa kichwa na tabasamu la mtu aliyetafakari. Watu waliondoka mbele yake wakiwa wameridhika. Cherehani alimpima siku ya kwanza kwa maswali ishirini.

"Mzee, wewe ni mwanamume?"

"Ndiyo."

"Wewe ni mwanamke?"

"Ndiyo."

"Watu hula mawe?"

"Ndiyo," kwa tabasamu lile lile.

Alipata kumi kati ya ishirini, alama za mtu anayerusha sarafu. Hakuwa amechanganyikiwa. Akionyeshwa picha mbili aonyeshe ya mawe, alionyesha. Akiandikiwa maneno mawili makubwa na kupewa muda, alichagua sawasawa. Ila akiulizwa kwa mdomo, ndiyo ilimponyoka kabla hajaishika, kama chafya. Cherehani aliliandika hilo kwenye faili, na faili likarudi kabatini, mahali ambapo maarifa hupumzika.

Aliyemleta kila Jumatatu na Alhamisi alikuwa binti yake mkubwa, meneja wa duka la vifaa vya ujenzi, mwanamke aliyezoea kuongea na madereva wa malori. Alimwogesha baba yake, alimwendesha, alimlipia, na alimsemea. Ukimuuliza Mnadi amelala vipi, binti anajibu amelala vizuri. Ukimuuliza mguu unauma wapi, binti anaonyesha kwenye mguu wake mwenyewe.

"Dada, mwache ajibu."

"Atajibu lini? Gari nimeliegesha vibaya."

Kwa wiki nane Cherehani alimfanyisha Mnadi picha kumi zile zile: kikombe, ufunguo, kiatu, saa, ndoo, kijiko, shati, mlango, kitanda, mkasi. Kufaulu kulitaka picha sita. Wiki ya nane Mnadi alifikisha saba. Ndiyo, alikuwa anakaririshwa. Wagonjwa wote walikuwa wanakaririshwa, Refa alijua, mtahini alijua, na kama matunda ya plastiki yangekuwa na akili yangejua pia. Huo ndio ulikuwa utaratibu, na kwa mara ya kwanza utaratibu ulikuwa upande wa Cherehani.

Siku ya mtihani mtahini wa nje, mzee mmoja mwenye mafua, aliketi nyuma ya kioo pamoja na Refa. Spika ilikoroma. Cherehani alipanga kadi mezani. Mnadi aliketi kwa shati lililopigwa pasi, na binti yake kando, funguo za gari mkononi.

"Mwalimu, leo tufanye haraka kidogo," binti akasema. "Na nikuage kabisa, maana Jumamosi tunamhamishia kwangu. Kule ni mbali na hapa. Nyumba yake tumeshaipatia mpangaji."

"Mzee anajua?"

"Tumeshamuuliza, sisi wanawe wote watatu. Kakubali mwenyewe. Si ndiyo, Baba?"

"Ndiyo," akasema Mnadi, kwa tabasamu la mtu aliyetafakari.

Cherehani alikuwa ameshika kadi ya kikombe. Nyuma ya kioo kulikuwa na shahada yake. Mbele yake kulikuwa na ile ndiyo, na katika chumba kile ni yeye peke yake aliyejua thamani yake ilikuwa nusu kwa nusu. Dakika zilikuwa arobaini. Angeweza kufanya picha kwanza, akapata shahada, kisha akamnong'oneza binti mlangoni, ambaye angekuwa anakimbilia gari. Aliwaza hivyo, baadaye alikiri kwamba aliwaza hivyo mara mbili.

Akaiweka kadi chini. Akachukua karatasi, akachora nyumba mbili kwa ufundi wa mwalimu wa sayansi: sanduku moja lenye pembetatu juu, na sanduku refu lenye ngazi. Chini ya la kwanza akaandika KWAKO, chini ya la pili KWA BINTI.

"Mzee. Unataka kuishi wapi?"

Akanyamaza.

Mnadi akaitazama karatasi. Binti akafungua mdomo, "Baba, si tulisha..." Cherehani akamwinulia kiganja, bila kumtazama. Ndani ya kinywa chake mwenyewe kulikuwa na vita. Silabi ilikuwa imeshapanda mpaka nyuma ya meno, "nyu...", miaka minane ya ualimu ikiisukuma, na yeye ameziba kwa ulimi wenye misuli minane. Sekunde kumi zikapita. Kumi na tano. Mtahini alipiga chafya, ikasikika ukutani.

"Ndi..." Mnadi akaanza, kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu kiharusi kimkute. Akajizuia. Akatikisa kichwa kwa hasira, kama mtu anayefukuza nzi.

Ilipofika sekunde ya ishirini na tisa, kwa hesabu ya Refa, mkono wa kushoto ukapanda hewani.

"Mara ya kwanza," akasema Mnadi.

"Baba?" Binti alisimama. "Mwalimu, ana nini?"

"Mara ya pili."

Sauti ilikuwa ile ile ya mnadani, ya kuvuka barabara. Kila mwanafunzi wa fani hii anajua kwamba maneno ambayo mtu ameyasema maelfu ya mara yanaweza kubaki hai hata mengine yakifa, na huja yenyewe, bila kuitwa. Kisicho cha kawaida ni pale alipoyapeleka.

"Mara ya tatu!" Mkono ukashuka juu ya KWAKO kwa kishindo, kadi zikaruka mpaka sakafuni. Kisha polepole, neno jipya, ambalo halikuwemo kwenye picha kumi: "Yangu."

Binti aliketi. Funguo zikaacha kulia.

"Sasa zile ndiyo zote za miezi yote hii?"

"Dada, zinamtoka tu. Hana uwezo wa kuzizuia."

"Kwa hiyo nilikuwa naongea na nani?" Alimtazama baba yake, naye baba akamtazama bila tabasamu. Binti akajifuta macho kwa kiganja, maana karatasi za machozi zilikuwa zimekwisha tangu Januari. "Na mpangaji nitamwambia nini mimi?"

Mambo ya nyumba na mpangaji yakala dakika zote zilizobaki, muda ukaisha. Kadi zote kumi zilikuwa chini ya meza.

Nyuma ya kioo wataalamu wawili walikuwa na fomu mbele yao.

"Picha?" Refa aliuliza.

"Sifuri," mtahini akajibu. "Lakini mama, umeona alichofanya yule mzee?"

"Nimeona. Kisanduku chake kiko wapi?"

Waliitafuta fomu mbele na nyuma. Palikuwa na kisanduku cha picha, cha sekunde, cha mavazi nadhifu ya mwanafunzi na cha mpangilio wa viti. Hapakuwa na kisanduku cha mtu aliyesema anachokitaka.

Refa alimkuta Cherehani kwenye korido, ameegemea ukuta.

"Tumeandika kwamba kikao hakikufanyika, kwa sababu za kifamilia. Utarudia wiki ijayo na mgonjwa mwingine."

"Lakini kimefanyika."

"Ukitaka kiwe kimefanyika, una sifuri, na hiyo inakuwa mara yako ya pili kuanguka. Chagua."

Saa ilining'inia shingoni mwa Refa, na safari hii hakuna aliyehesabu sekunde.

"Hakikufanyika," akasema Cherehani.

Wiki iliyofuata alipewa mgonjwa aliyekuwa amepona mwezi uliotangulia, karani mstaafu mwenye heshima zake. Alitaja picha tisa bila kupepesa, na ya kumi akakosea kwa adabu ili mwalimu apate kitu cha kusaidia. Cherehani alisubiri sekunde kumi zake, hakuna aliyezihitaji. Mtahini aliandika "bora sana". Kwa kikao hicho, ambacho hakikumsaidia mtu yeyote, alipata shahada. Kile kingine hakipo kwenye kumbukumbu za chuo, na ukienda kuuliza utaambiwa hakikufanyika, kwa sababu za kifamilia.

Mnadi hakuhama. Binti alimrudishia mpangaji malipo yake ya awali kwa maneno makali pande zote mbili, akamtafutia baba yake mtu wa kushinda naye, na kwa miezi miwili hakupokea simu za Cherehani.

Mwisho Cherehani alikwenda mwenyewe, na kadi mpya mkobani, kumtibu mzee bila malipo. Alikuwa na deni la dhamiri kwa lile neno lake la "hakikufanyika", na aliona namna ya kulilipa ni kumpa mtu mazoezi. Mnadi alikuwa kibarazani, anamenya chungwa kwa mkono mmoja kwa ufundi aliojibunia mwenyewe.

"Mzee, tuendelee na mazoezi yetu?"

Mnadi akalitazama chungwa, akaitazama mikono ya mgeni inayotoa kadi, akafikiri. Hakuharakisha.

"Hapana," akasema.

Lilitoka safi, kila silabi mahali pake. Cherehani alisubiri, labda kuna la kuongeza. Hakukuwa na la kuongeza. Mzee akarudi kwenye chungwa lake. Kadi zikarudi mkobani.

Getini alipishana na binti, anashusha mifuko kutoka garini.

"Amesemaje?" binti akauliza, bila salamu.

"Amekataa."

"Kakukataa wewe? Na shahada yako?"

"Kakataa kabisa."

Binti akaweka mifuko chini, akacheka mpaka akashika mlango wa gari.

"Eh, mwalimu," akasema, "sasa umemjua baba yangu." Akamfungulia geti.